Namba ya Z

Nililiona kwanza kwenye simu ya mjukuu:
Hiesi nyeupe, mlango wazi, pazia la maua,
ndani kitanda cha kukunja, sinki, jiko la pleti mbili.
Muuzaji: mwenyewe. Aliko: Fuoni, Unguja.
Bei: tutaelewana.

Wanangu wakafanya kikao Tandika bila mimi.
Kiinua mgongo, walisema, hakinunui kitanda chenye matairi.
Bajaji tatu, Mama. Fremu mbili Mbagala. Kuku.
Kuku!
Miaka thelathini na minne zamu ya usiku
nimekesha na wanaolala,
leo nikaamshwe na jogoo wangu mwenyewe?

Nikapiga. Bwana Khatibu Vuai ana sauti
ya mtu anayetafuna huku akikuheshimu.
"Gari hii haina neno, bibie. Mie nimeitumia kidogo tu."
Kidogo kiasi gani?
"Makunduchi mara moja. Na Kizimkazi, ikanyesha."
Mbona unauza?
Akanyamaza, kama mgonjwa wa sukari ukimuuliza amekula nini.
"Mke wangu hapendi kulala pasipo ukuta."

Nikavuka na fundi Lukindo, nauli juu yangu, chai juu yangu.
Akaingia chini ya gari na bisibisi,
akawa anagonga chesi, tuk, tuk, tuk,
nami nimechutama nasikiliza
kama nilivyosikiliza vifua.
Mahali pamoja sauti ikabadilika.
"Chumvi," akasema Lukindo.
Kutu ya kule huanza kwa adabu, kama presha:
mtu anacheka nawe, kumbe kesha liwa.
Tundu moja likashusha laki nane.

Akabandika karatasi, akasugua penseli,
namba ya chesi ikajitokeza yenyewe,
tukailinganisha na kadi tarakimu kwa tarakimu.
Bwana Khatibu akaguna, "Hamniamini?"
Nakuamini, baba. Lakini nimeona vichanga viwili
wamebadilishana utepe wa mkononi
kwa sababu mtu alisoma mara moja.

Pesa sikuitoa mpaka mkewe naye kaweka sahihi.
Akaandika jina lake polepole, herufi zote,
kisha akanivuta kando, karibu na tangi la maji:
"Pazia usilitoe. Nililishona mie.
Hilo ndilo nililolipenda."

Kushuka Dar, gari likawa mgeni.
Namba ya Z, wakasema, ushuru wake uko nusu njia,
nusu nyingine inadaiwa huku.
Siku kumi na tisa bandarini, kila siku na bei yake.
Nilikuwa naenda kulitazama jioni,
saa ya kutazama wagonjwa,
mkoba mkononi, sina hata chungwa la kulipelekea.
Kijana wa dirishani akanizoea.
"Mama, bado. Mfumo umelala."
Mfumo! Hata wenyewe unalala.

Siku ya ishirini nikaliwasha.
Likakohoa mara mbili, likashika.
Wanangu walikuwa wamejipanga mlangoni na nyuso za msiba,
lakini sikufika mlangoni:
kichochoro chetu hakipitishi jeneza bila kuliinamisha,
sembuse sinki na jiko.
Nikageuza.

Usiku huo nililala sheli ya Mtoni,
kati ya lori la simenti na lori la vitunguu.
Namba ya zamani nimeiweka chini ya godoro.
Malori ya Kilwa yakipita, kijiko kilitetemeka ndani ya kikombe,
na sikuinuka kuangalia ni nani anakufa.

Saa nane tochi ikagonga kioo.
Mlinzi, koti kubwa kuliko yeye.
"Mama, umeharibikiwa?"
Hapana, mwanangu. Nimelala.
Akamulika pazia, jiko, miguu yangu,
akafikiri sana.
"Sasa," akauliza, "humo kuna choo?"